Mkia mweupe wa baiskeli

Nilimpelekea fundi baiskeli siku mbili kabla ya Juni 3. Ni ya mtumba kutoka Ulaya, zile zinazoshushwa kwenye kontena zikiwa na gia nyingi na breki nzuri, lakini juu ya matairi hakuna hata kipande cha bati. Masika yote ilikuwa ikinichora mgongoni: mstari mmoja wa tope jekundu, kutoka kiunoni hadi kwenye kola, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Mke wangu akasema mashati yangu sasa yamekuwa sare. Basi nikaamua kutafuta madigadi, ya mbele na ya nyuma, na kwa kuwa natoa pesa yangu, ziwe za kupendeza.

Kibanda cha fundi kiko Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara za namba. Ni mzee aliyekaa na spana mkononi kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Juu ya kichwa chake madigadi zimetundikwa kwenye waya kama samaki wa kukaushwa: za Kihindi zilizopakwa nikeli, za plastiki zinazojikunja ukizigusa, na za Kichina, bati zito jeusi lenye mstari mwembamba wa dhahabu pande zote mbili. Nikachagua hizo nyeusi. Ya nyuma ilikuwa na mkia mweupe, rangi imebanduka nusu.

“Mzee wangu, nipigie nyeusi yote,” nikamwambia. “Huo weupe unaiharibu.”

Akaishusha, akaipangusa kwa kitambaa cha grisi, akanitazama. “Mkia hauchorwi mweusi, mwanangu.”

“Kwa nini?”

“Ndivyo tulivyoikuta.”

Tukabishana. Mimi nikisema baiskeli ni yangu, yeye akisema mkono ni wake. Mwishowe nikamwachia, nikaondoka na swali. Nani aliyeanza kupaka mkia wa madigadi rangi nyeupe? Ukikaa pale njia panda utaiona kwenye Phoenix, utaiona kwenye Avon, kwenye Hero, kwenye Raleigh iliyochakaa ya muuza kahawa. Viwanda vya nchi tatu, lugha tatu, siasa tatu, na vyote vimekubaliana juu ya kipande cha rangi kisichozidi kiganja.

Juni 3 ni Siku ya Baiskeli Duniani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza mwaka 2018, na tangu hapo kila mwaka hutolewa hotuba kuhusu afya na hewa safi. Miaka miwili tu baada ya kutangazwa, mwaka 2020, siku hiyo hiyo ya Juni 3, kampuni ya Atlas ya India, iliyokuwa ikiunda baiskeli tangu 1951, ilisimamisha kazi kwenye kiwanda chake cha mwisho, Sahibabad karibu na Delhi. Wafanyakazi walifika asubuhi wakakuta tangazo getini. Sijui kama kuna sikukuu nyingine duniani iliyopata zawadi kama hiyo.

Mtu aliyenijibu swali langu ni maalimu mmoja mstaafu wa Chumbageni. Ana Raleigh ya marehemu baba yake, iliyofunikwa kwa shuka sebuleni, na ana sanduku la majarida ya zamani ya waendesha baiskeli wa Uingereza ambayo huyasoma kama watu wengine wasomavyo magazeti ya mpira. Nimemfuata yeye kwa sehemu kubwa ya makala haya, na niseme mapema kwamba maalimu ana upande wake katika ugomvi nitakaousimulia.

Mwanzo wenyewe wa baiskeli unajulikana. Karl von Drais, Mjerumani, aliunda chombo cha magurudumu mawili cha kusukuma kwa miguu mwaka 1817. Mwaka 1885 John Kemp Starley akatoa Rover huko Coventry, yenye magurudumu yanayokaribiana ukubwa na mnyororo nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akajaza upepo kwenye mpira. Tairi hilo likaleta raha na tope kwa pamoja, maana gurudumu linalozunguka halibagui: linachokiokota chini hukirusha juu, mbele kwenye mguu na nyuma kwenye mgongo.

Ila kuna jambo moja la zamani zile ambalo fundi wangu alilijua kuliko maalimu. Kwenye kibanda chake kuna madigadi moja ya baiskeli ya kike yenye vitundu vidogo vilivyopangwa ukingoni, pande zote mbili. Vitundu hivyo vilikuwa vya kupitishia nyuzi, zilizofumwa kutoka kwenye madigadi hadi kwenye ekseli, ili sketi isiingie kwenye spoki. Wanawake wa Ulaya walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi miaka ya 1890, walikuwa na nguo ndefu kama za hapa kwetu. “Ningekuwa na nyuzi zile,” fundi alisema, “kanga ngapi ningeziokoa!” Anasema hakuna wiki inayopita bila kuletewa gurudumu lililomeza kanga au buibui, na mwenye nguo amesimama pembeni kwa aibu akisubiri akatiwe.

Sasa tuje kwenye mkia.

Uingereza ya miaka ya 1930 ilikuwa nchi ya baiskeli iliyokuwa ikigeuka nchi ya magari, na iligeuka kwa damu. Mwaka 1934 peke yake watu 7,343 waliuawa barabarani. Nchi nzima ikauliza nani wa kulaumiwa. Wenye magari, ambao walikuwa wachache kuliko wenye baiskeli lakini wenye sauti bungeni, walikuwa na jibu tayari: baiskeli hazionekani usiku. Zifungwe taa nyekundu nyuma, kwa sheria.

Ukilisikia leo ni jambo la akili ya kawaida. Nani atakataa taa? Wakakataa waendesha baiskeli wenyewe. Chama chao kikubwa, Cyclists' Touring Club, kilichoanzishwa 1878, kilipinga taa ya nyuma kwa miaka na miaka, na katibu wake George Herbert Stancer, aliyekaa kwenye kiti hicho tangu 1920 hadi 1945, aliifanya kuwa vita ya maisha yake. Hakuwa karani wa mezani. Ujanani alikuwa mshindani wa mbio za masafa, mtu aliyejua giza la barabara kwa miguu yake mwenyewe.

Maalimu anaipenda hoja ya Stancer mpaka husimama anapoieleza. Inakwenda hivi. Barabarani usiku kuna mambo mengi yasiyo na taa: mtembea kwa miguu, ng'ombe aliyekata kamba, mti ulioanguka, mtoto. Kwa hiyo dereva lazima aende mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya urefu wa mwanga wa taa zake mwenyewe. Huo ndio wajibu wake, na yeye ndiye aliyeleta hatari barabarani. Ukishamlazimisha mwenye baiskeli kuwasha taa nyuma, umemwambia dereva kwamba pasipo na taa nyekundu hapana mtu. Atakanyaga mafuta. Na yule ambaye taa yake imezimika njiani bila yeye kujua, kwa sababu iko mgongoni kwake, atakufa na bado atahesabiwa mkosaji.

Hilo la mwisho halikuwa maneno ya jukwaani. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mtu aliyegongwa akionekana kuchangia ajali kwa uzembe wake, hata kidogo, alikosa fidia yote. Fikiria basi maana ya taa ya mafuta au ya betri dhaifu ya siku zile: upepo ukivuma ikazimika, mjane hapati senti. Na mahakama zenyewe hazikuwa mbali na mawazo ya chama. Mwaka 1933 ulitoka uamuzi katika kesi ya chombo kilichogonga lori lililosimama gizani, kwamba anayegonga kitu mbele yake usiku ama alikuwa hatazami, ama alikuwa akienda kasi kuliko macho yake. Kwa vyovyote vile, kosa ni lake.

“Unaona?” Maalimu ananipiga bega. “Kosa ni lake!”

Serikali ikafanya kama serikali zifanyavyo, ikatafuta kitu cha katikati. Tayari sheria ya mwaka 1927 ilikuwa imeruhusu baiskeli kubeba riflekta nyekundu badala ya taa. Sheria ya barabara ya mwaka 1934 ikaongeza sharti jipya: pamoja na riflekta, nyuma ya baiskeli pawe na eneo jeupe lisilopungua inchi 12 za mraba. Kwa vipimo vyetu ni sentimita za mraba 77 na kitu, kama picha tano za pasipoti ukizipanga pamoja. Na mahali pa kulipaka palikuwa pamoja tu, maana baiskeli nzima ni bomba na waya. Bati pana linaloangalia nyuma ni mkia wa madigadi.

Hivyo ndivyo mkia ulivyopata weupe. Mbunifu hakuulizwa, mchoraji hakuulizwa. Ulitoka kwenye mvutano wa bunge kati ya watu waliotaka taa na watu waliotaka madereva wapunguze mwendo, na kila upande ukaondoka umenuna.

Waziri wa uchukuzi aliyeingia mwaka huo, Leslie Hore-Belisha, alikuwa mtu wa kupenda kamera. Ndiye aliyejaza miji ya Uingereza nguzo zile za mistari myeusi na myeupe zenye puto la rangi ya chungwa juu, kwenye vivuko vya waenda kwa miguu, ambazo mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Desemba 1934 alifungua njia maalumu ya baiskeli kando ya barabara ya Western Avenue, magharibi ya London. Chama cha Stancer kikaipinga nayo. Wakaona ni mwanzo wa kufukuzwa barabarani: leo wanakupa njia pembeni, kesho wanakuambia katikati si pako. Watu waliwaita wakaidi. Nami nilipoanza kusoma niliwaona hivyo. Lakini nilisimama juzi kwenye kituo cha mabasi nikimtazama kijana wa mkokoteni akipigiwa honi atoke kwenye lami, nikamkumbuka Stancer.

Vita ndiyo iliyomaliza mjadala. Septemba 1939 Uingereza ilizima taa zote kwa hofu ya ndege za Wajerumani. Taa za barabarani zikazimwa, taa za magari zikafunikwa zikabaki na mwanga wa kijicho, na baiskeli zikalazimishwa kubeba taa nyekundu nyuma. Hata hivyo mwaka 1941 watu 9,169 walikufa barabarani, idadi ambayo nchi ile haijawahi kuifikia kabla wala baada. Vita vilipokwisha, wengi walitarajia sharti la taa liondolewe kama lilivyoachwa baada ya vita vya kwanza. Halikuondolewa. Mwaka 1945 bunge likaifanya taa ya nyuma kuwa sheria ya kudumu, na mwaka huo huo Stancer akaachia ukatibu. Na ajabu yenyewe ni kwamba mwaka huo huo, kwa sheria nyingine kabisa, ile kanuni ya kumnyima fidia aliyechangia ajali ilifutwa, fidia ikaanza kugawanywa kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Nusu ya hofu yake ilitibiwa siku aliyoshindwa.

Maalimu anasema Stancer alikuwa sahihi. Mimi nasema alikuwa sahihi mchana. Usiku, kwenye barabara ya Segera, lori la tani 30 likiwa nyuma yako na dereva wake amekula mirungi tangu jana, hoja nzuri haitoi mwanga. Tumekubaliana kutokubaliana, akanimiminia kahawa nyingine.

Weupe ule ulifikaje Ngamiani? Kwa meli, kama vingine. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na baiskeli zilitoka Nottingham na Birmingham: Raleigh, Hercules, BSA, Humber. Raleigh, iliyoasisiwa Nottingham miaka ya 1880 na kuinuliwa na Frank Bowden, ilifika mahali pa kuunda zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sehemu kubwa ilikwenda ng'ambo. Kiwanda cha ukubwa huo hakibadilishi rangi ya mkia kwa ajili ya bandari moja. Madigadi ikichovywa nyeupe kwa ajili ya polisi wa Leicester, nyeupe hiyo hiyo itashushwa Tanga.

Baba yake maalimu alinunua yake kwa pesa za mkonge. Aliipangusa kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, na mkia aliusugua kwa majivu laini ya jiko ili ubaki mweupe. Watoto waliruhusiwa kugusa kengele, si madigadi. Ukiitazama leo chini ya shuka, weusi wake bado unakuonyesha uso wako, na kwenye ncha ya madigadi ya mbele kuna kile kipande cha nikeli kilichochongoka, hakina kazi yoyote duniani isipokuwa urembo. Mkia umegeuka rangi ya meno ya mzee.

Kisha Wahindi na Wachina wakaichukua baiskeli ile wakaifanya yao. Atlas ilianza Sonepat mwaka 1951, Hero ya ndugu wa ukoo wa Munjal ikaanza Ludhiana mwaka 1956 na miaka thelathini baadaye ikaingia kwenye kitabu cha Guinness kama muundaji mkubwa kuliko wote duniani. Flying Pigeon, yaani Njiwa Arukaye, ya Tianjin, iliyoanza 1950, ilifuata umbo la Raleigh ya mwaka 1932. Hapo mwangalifu atashtuka: mwaka 1932 sheria ya mkia mweupe ilikuwa bado haijatungwa! Lakini ukimtazama njiwa huyo kwa nyuma, mkia anao. Ndivyo tulivyoikuta, kama alivyosema fundi. Nina hakika mafundi wa Tianjin walisema hivyo hivyo kwa Kichina.

Hapa kwetu Phoenix ya Shanghai ndiyo iliyoshinda. Reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, sehemu ya gharama za ndani ililipwa kwa njia ya bidhaa za Kichina zilizoletwa na kuuzwa madukani kwa shilingi. Watu wa umri wa fundi wangu wanakumbuka vikombe vya bati, viberiti, kalamu na baiskeli. Baadaye ikaja Swala iliyoundwa Dar es Salaam, nayo ina wapenzi wake mpaka leo, ingawa fundi akiitaja hutikisa kichwa: bati lake la madigadi, anasema, lilishika kutu upesi. Nchini Kenya baiskeli hizi nyeusi ziliitwa Black Mamba, na kule Busia, mpakani, ndiko vijana walikoanza miaka ya 1960 kuwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka, likazaliwa neno boda boda.

Hao wa boda ndio walioitoa madigadi kwenye adabu ya wazee na kuitia mbwembwe. Kioo kushoto na kulia, maua ya plastiki kwenye taa, brashi za rangi kwenye ekseli zinazozunguka na kuipangusa zenyewe, na chini ya madigadi ya nyuma kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa kama ulimi, kimeandikwa Mpaji ni Mungu au Tulia. Mpira huo una kazi ya kweli. Madigadi nyingi za dukani zinakoma juu mno, na tope linalotoka chini yake humpata wa nyuma, na ile ya mbele ikiwa fupi hukupiga miguuni na kwenye mnyororo. Mpira wa urefu wa kiganja kimoja unamaliza tatizo. Maandishi ni ya ziada, lakini nani anayekumbuka kazi akishaona maandishi?

Urembo wa madigadi si wazimu wa Busia peke yake. Wafaransa walikuwa na kampuni ya Lefol iliyotengeneza madigadi za alumini zilizopigwa nyundo ndogo ndogo uso mzima, kama sahani za shaba za Lamu, na moja katika hizo wakaiita Le Paon, yaani Tausi. Waundaji wa baiskeli wa Paris kama René Herse na Alex Singer walizifunga kwa ustadi wa sonara. Leo Wajapani wa kampuni ya Honjo wanaendelea na kazi hiyo, na kuna watu wanaotoa pesa nyingi kwa jozi moja. Nilipomwonyesha fundi picha kwenye simu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Hiyo ni alumini. Itapasuka kwenye ribiti.” Nimesoma baadaye: hilo ndilo lalamiko la wenye madigadi hizo kila mahali, zikifungwa kwa kulazimishwa.

Maana ufungaji ndio ufundi. Nilirudi Juni 3 mchana, wakati hotuba huko kwingine zinatolewa, nikakaa kwenye ndoo nikamtazama. Kwanza alipima gurudumu langu, akaguna. Tairi langu limeandikwa 28, na madigadi ni ya 28, lakini 28 ya Ulaya si 28 yetu: rimu ya Phoenix ina kipenyo cha milimita 635, yangu 622. Madigadi ikawa na duara pana kuliko tairi. Mtu mwingine angeikunja kwa nguvu ikaisha. Yeye aliiweka gotini, akaishika pande mbili, akawa anaikaza kidogo kidogo akiisogeza, kama mtu anayekanda unga, mpaka duara likakubali. Kisha akaiingiza kwenye fremu, akapitisha kidole cha shahada kati ya bati na tairi, kuanzia kwenye uma wa nyuma mpaka mkiani. Kidole kikipita kote bila kubana wala kulegea, imekaa. Pakibana, kokoto itakwama, na kokoto ikikwama kwenye gurudumu la mbele unaruka juu ya usukani. Pakilegea, inapiga kelele na inaonekana kama kofia ya kuazima.

Kwenye bolti ya juu hakuweka bati juu ya bati. Alikata duara la ngozi kutoka kwenye ulimi wa kiatu kikuukuu, akalitoboa kwa msumari, akalipachika katikati. “Hii ndiyo inayoinyamazisha,” alisema. Fito za pembeni alizikata kwa msumeno, akazipiga tupa ncha zake ili zisirarue suruali, akazifunga zote bila kukaza, akazungusha gurudumu, akatazama kwa jicho moja, akasogeza, akazungusha tena. Hakukaza nati hata moja mpaka aliporidhika na zote. Madigadi inayokazwa huku inavutwa, aliniambia, haivunjiki siku hiyo. Inavunjika baada ya miezi mitatu na unamlaumu Mchina.

Miaka ya karibuni haina mengi ya kusimuliwa. Kenya iliondoa ushuru wa baiskeli mwaka 2002, zikajaa, na kufikia 2008 ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, waliokuwa wakikanyaga pedali wakahamia kwenye mafuta. Kwetu hadithi ni hiyo hiyo bila tarehe. Nottingham iliacha kuunda baiskeli zamani kidogo, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na baiskeli za mtumba zinazotufikia zimezaliwa uchi, kwa sababu huko zinakotoka zilikuwa za michezo ya Jumapili. Kijana anayepeleka mkaa au maziwa alfajiri anazipanda hivyo hivyo, bila riflekta, bila mkia, akiwa amevaa jaketi jeusi. Halmashauri zetu zina pesa za kuchapisha fulana za Siku ya Baiskeli. Kopo moja la rangi nyeupe lingetosha mtaa mzima, na bado lingebaki la kupaka mlango wa ofisi.

Ilipofika zamu ya mkia, sikubisha tena. Fundi aliubandua ule weupe wa zamani kwa sandpepa, akaweka kiganja chake juu ya bati, akachora alama kwa penseli mahali kidole cha kati kilipoishia nusu, akazungushia utepe. Alipaka kwa brashi iliyobaki na nywele chache, mara mbili, akaning'iniza riflekta nyekundu iliyotoka kwenye Phoenix iliyokufa. Nilisubiri mpaka alasiri rangi ishike. Akanidai pesa ya kazi, ya rangi akasema ni yake.

Nyumbani nilichukua rula ya mwanangu. Upana wa bati ni sentimita 6. Urefu wa ule weupe, kutoka kwenye alama ya penseli hadi ncha, ni 13. Nikazidisha mara mbili ili nihakikishe: sentimita za mraba 78.